Mtoto Abatizwe Lini? Ushauri kwa Wazazi wa Makanisa Mawili

Vijana wa Mwanza huoana kuvuka mipaka ya makanisa, na jambo hilo halishangazi mtu tena. Msichana aliyekulia katika kwaya ya Kikatoliki pale Bugando anampata mvulana wa kanisa la AIC Makongoro. Mlutheri anamwoa Msabato wa Kirumba, na binti wa mchungaji wa TAG anaolewa na Mwanglikana wa Sengerema. Siku ya harusi watu hucheza pamoja, na tofauti za ibada haziguswi. Zinakuja kuguswa mtoto wa kwanza anapozaliwa.

Bibi wa upande mmoja anaanza kuuliza kwa nini mjukuu wake ana miezi mitatu na hajapelekwa kwa padre. Bibi wa upande wa pili anajibu kwamba mtoto wa kunyonya hana dhambi ya kutubu wala imani ya kukiri, aachwe akue. Wazazi wenyewe, ambao hawakuwahi kulizungumza, wanabaki katikati. Kuna nyumba ambako mama alimbeba mtoto kimyakimya Jumapili moja akaenda kumbatizia kijijini kwao, baba akaja kuona picha kwenye simu ya shemeji. Jeraha la namna hiyo huchukua miaka kupona, na sehemu kubwa ya ninayoandika hapa ni kwa ajili ya kulizuia.

Ushauri wangu mkuu nautanguliza. Kabla ya kuuliza mtoto abatizwe lini, ulizeni ni nani kati yenu atakayemfundisha. Makanisa yetu yanatofautiana sana kuhusu ubatizo, lakini katika jambo hili yanakubaliana yote: maji na mafundisho haviachani. Wapo wanaofundisha kwanza ndipo wabatize, na wapo wanaobatiza kwanza ndipo wafundishe. Hakuna kanisa lolote kando ya ziwa hili linalokubali mtoto abatizwe kisha asifundishwe kabisa, wala asiombewe na kuachwa akue kama mti wa porini kwa jina la kumsubiri achague.

Kwanza, mjue mwenzako anaamini nini

Watu wengi wanabishana na kitu ambacho hawajakisikia vizuri. Kaeni chini, kila mmoja amweleze mwenzake kanisa lake linafundisha nini, na mwingine asikilize mpaka mwisho.

Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri wa KKKT na Wamoravian hubatiza watoto wachanga wa waumini wao. Hoja yao ni kwamba Mungu ndiye anayetangulia kutenda: anampokea mtoto kabla mtoto hajaweza kusema neno, kama alivyowapokea watoto wa Israeli katika agano lake siku ya nane kwa tohara. Paulo anauweka ubatizo karibu na tohara katika Wakolosai 2. Wanakumbusha pia kwamba katika Matendo 16 Lidia alibatizwa pamoja na watu wa nyumbani mwake, na mlinzi wa gereza la Filipi vilevile, na nyumba za zamani hazikukosa watoto.

AIC, Waadventista Wasabato, Wamennonite, Wabaptisti na makanisa ya Kipentekoste kama TAG na EAGT hawabatizi mtoto mchanga. Wao humleta mbele ya kanisa, mchungaji akamwombea na kumweka wakfu, wakifuata mfano wa Yusufu na Mariamu kumpeleka Yesu hekaluni. Mtoto akikua, akaamini na kukiri mwenyewe, ndipo anabatizwa, na kwa wengi wao ni kwa maji mengi, yaani kuzamishwa mwili mzima. Hoja yao ni nyepesi kueleza na nzito kupinga: katika Agano Jipya imani hutajwa kabla ya maji, Yesu mwenyewe alibatizwa akiwa mtu mzima, na hakuna mahali panapomtaja waziwazi mtoto mchanga akibatizwa.

Mwulizeni mwenye kudai kwamba jambo hili lilikwisha kuamuliwa zamani kama anawajua Waafrika wa Karthago, mji uliokuwa katika nchi tunayoiita leo Tunisia. Tertuliano, karibu mwaka 200, aliandika kushauri watoto wasiharakishwe ubatizo. Miaka kama hamsini baadaye, katika mji uleule, Askofu Sipriano na maaskofu wenzake wakaamua kwamba si lazima hata kungoja siku ya nane. Augustino naye, mwana wa Monika aliyekuwa Mkristo hodari, hakubatizwa utotoni. Alibatizwa na Ambrosi huko Milano usiku wa Pasaka mwaka 387, akiwa na umri wa miaka 32, kisha akawa mtetezi mkubwa wa ubatizo wa watoto. Kama mababa wa imani wa bara letu wenyewe walitofautiana hivi, mume na mke wa Nyamanoro wanaweza kutofautiana bila kuitana wapagani.

Kuna upande wa huzuni pia ambao ni vizuri kuujua. Januari 1525, mjini Zürich, kikundi kidogo cha waumini kilibatizana upya kwa sababu hawakuuhesabu ubatizo wao wa utotoni. Serikali ya mji ikatangaza adhabu ya kifo, na Januari 1527 mmoja wao, Felix Manz, akazamishwa mtoni hadi akafa. Wakatoliki waliwatesa watu hao, na Walutheri pia. Wamennonite waliofika Shirati, upande wa Mara, mwaka 1934 ni wajukuu wa kiroho wa kundi hilo. Mwaka 2010, katika mkutano mkuu wa Fungamano la Kilutheri Duniani uliofanyika Stuttgart, Walutheri waliomba msamaha rasmi kwa Mungu na kwa Wamennonite kwa mateso yale. KKKT ni mwanachama wa fungamano hilo. Ikiwa makanisa yaliyobeba historia ya mateso kama hayo yameweza kupatana, wakwe wa Magu na wakwe wa Musoma nao wataweza kukaa meza moja.

Mazungumzo yafanyike kabla ya ng'ombe

Usukumani, mahari ikishatolewa, mtoto anahesabiwa wa ukoo wa baba. Wazee wengi hupeleka kanuni hiyo mbele zaidi, wakasema na dini yake ni ya baba. Binti aliyeolewa akiwa hajasema lolote atakuja kukumbushwa ng'ombe hao siku anapotaja ubatizo. Kwa hiyo suala hili lizungumzwe wakati wa uchumba, na wachumba wenyewe, kisha wazazi wa pande zote mbili waarifiwe kabla ya siku ya kupokea mahari. Mshenga mwenye busara anaweza kulibeba. Lisiachwe kwa matumaini kwamba mapenzi yatalimaliza.

Kwa aliye Mkatoliki, kuna jambo la kisheria ndani yake. Akitaka kufunga ndoa na Mkristo asiye Mkatoliki lazima apate kibali cha kanisa, na kabla ya kukipata ataahidi kufanya kila awezalo ili watoto wote wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki. Mwenzake ataelezwa ahadi hiyo, ingawa yeye hatakiwi kuahidi. Soma maneno hayo kwa makini: kila awezalo. Ahadi hiyo inamdai juhudi ya kweli na hairuhusu ubabe, wizi wa mtoto wala kuvunja ndoa. Mkatoliki aliyejitahidi kwa upendo akashindwa kumshawishi mwenzake hajaivunja ahadi yake. Upande wa pili nao una haki ya kuisikia ahadi hiyo mapema na kusema waziwazi kama itaisumbua dhamiri yake.

Mkishaketi, jiulizeni maswali ya nyumbani, msianzie ya kitheolojia. Nani kati yetu huenda ibadani kila juma, hata mvua ya Machi inaponyesha? Nani atamwamsha mtoto Jumapili, au Jumamosi kama ni Msabato, akamvalisha na kumpeleka? Nani anasali naye usiku? Mama anayekwenda kanisani kila wiki na baba anayekwenda Krismasi na Pasaka hawana uzito sawa katika uamuzi huu, hata kama baba ndiye aliyetoa ng'ombe. Nasema hivi nikijua wazee wengine hawatapenda. Mtoto afuate njia ya kanisa la yule atakayemfundisha kweli. Kama ni mzazi wa kanisa linalobatiza wachanga, abatizwe mapema. Kama ni wa kanisa linalongoja imani, awekwe wakfu na kungojewa.

Siafiki mpango wa kugawana watoto, wavulana wafuate baba na wasichana wafuate mama. Unaonekana wa haki, lakini unaigawa nyumba kila siku ya ibada, na watoto hukua wakijua kwamba katika jambo kubwa kuliko yote wao si ndugu. Wala siafiki kumbatiza mtoto kanisa moja leo na kumbatiza tena kanisa jingine mwakani ili kila bibi afurahi. Makanisa yanayobatiza watoto hayarudii ubatizo hata mara moja, na yanayobatiza watu wazima hayataki kumbatiza asiyeamini. Mpango huo unayakosea yote mawili.

Yule ambaye njia yake haikuchaguliwa apewe nafasi. Baba wa AIC ambaye mwanawe anabatizwa kwa Wakatoliki akae kiti cha mbele pamoja na mkewe, na jioni baba yake mzazi aombe baraka nyumbani mbele ya pande zote. Mama Mkatoliki ambaye mtoto wake anawekwa wakfu kwa Wasabato wa Kirumba anaweza kumfundisha mtoto huyo kusali, kusamehe na kuwapenda watakatifu, na hakuna atakayemzuia.

Mkichagua kumbatiza akiwa mchanga

Anzieni mtaani kabla ya ofisi ya parokia. Kwa Wakatoliki, jumuiya ndogondogo ndiyo inayowajua, na katika parokia nyingi mwenyekiti wa jumuiya ndiye atakayeandika barua kwamba ninyi ni waumini wanaoshiriki. Mzazi ambaye hajaonekana jumuiyani tangu ahamie Buhongwa asishangae akiulizwa. Sheria ya kanisa inawataka wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa katika majuma ya kwanza, hivyo mama akiwa mjamzito ndio wakati mzuri wa kumwona padre na kujiandikisha kwa mafundisho ya wazazi na wasimamizi.

Wapo wasioenda kabisa kwa sababu hawajafunga ndoa kanisani, au kwa sababu mama ni peke yake. Nendeni. Sheria ya Kanisa Katoliki inataka mambo mawili: mzazi mmoja angalau akubali, na liwepo tumaini la msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani. Ndoa ya wazazi haimo katika masharti hayo. Padre atawauliza juu ya ndoa yenu, na ni wajibu wake kuuliza, lakini mtoto hana kosa. Mama asiye na mume anaweza kuonyesha tumaini hilo kwa kuleta msimamizi hodari, shangazi au mwalimu wa watoto anayejulikana parokiani. Jina la baba katika daftari huandikwa kukiwa na hati ya serikali inayomtaja, au akija yeye mwenyewe kukiri mbele ya paroko na mashahidi wawili.

Msimamizi ndiye mtu anayechaguliwa ovyo kuliko wote. Watu humtafuta mwenye gari, mwenye duka la vipuri, au bosi. Kwa Wakatoliki awe ametimiza miaka 16, awe Mkatoliki aliyepata kipaimara na Komunyo, anayeishi maisha yanayolingana na imani, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Mmoja anatosha; wakiwa wawili, wawe mwanamume na mwanamke. Mjomba Mlutheri au wa AIC aliyebatizwa anaweza kusimama kama shahidi pembeni ya msimamizi Mkatoliki, na hii ni njia nzuri ya kuuheshimu upande wa pili. Mimi ningeongeza sharti langu moja: awe mtu anayeishi karibu. Msimamizi wa Dar es Salaam anayetuma zawadi kwa simu hatajua mtoto alipoacha kwenda mafundisho.

Jina lisiwasumbue. Mtoto anaweza kubatizwa kwa jina la Masanja, Kabula, Minza, Kulwa au Doto. Kanisa Katoliki linataka tu jina lisiwe kinyume na hisia ya Kikristo. Hakikisheni jina la kwenye cheti cha ubatizo linafanana, herufi kwa herufi, na lile la cheti cha kuzaliwa. Mtu anayeitwa Kabula hospitalini, Theresia kanisani na Teddy shuleni atahangaika siku ya kitambulisho cha taifa na siku ya ndoa.

Cheti cha ubatizo hakichukui nafasi ya cheti cha kuzaliwa. Mtoto chini ya miaka mitano husajiliwa na RITA, wakala wa usajili wa serikali, bila malipo kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, na hilo lifanyike kwanza. Hata hivyo cheti cha ubatizo kitunzwe: wazee wengi waliozaliwa kabla ya usajili kuenea wamekitumia kama ushahidi wa kuzaliwa kwao. Kwa Wakatoliki daftari la parokia ya ubatizo huongezewa kipaimara na ndoa ya mtu huyo, hata afunge ndoa mkoa mwingine. Andikeni jina la parokia, tarehe na namba ya daftari mahali salama. Familia za wavuvi zinazohama kutoka Ukara kwenda Kome, kisha Kayenze, ndizo hupoteza taarifa hizi haraka.

Sherehe iwe ndogo. Kuna watu wanaoahirisha ubatizo mwaka mzima wakichangisha pesa za keki, ukumbi na sare. Wali, dagaa na soda baada ya misa vinatosha, na asiye na kitu asirudishwe mlangoni, kwa sababu ubatizo hauuzwi.

Kisha kazi yenyewe inaanza. Mlutheri aliyembatiza mtoto mchanga amejifunga kumpeleka mafundisho ya kipaimara atakapofikia umri. Mkatoliki amejifunga kwa Komunyo ya kwanza na kipaimara. Mkiona hamtaifanya kazi hiyo, msimbatize kwa ajili ya picha.

Mkichagua kungoja

Kungoja nako kuna kazi yake. Mtoto awekwe wakfu mapema, na siku hiyo wazazi husimama mbele ya kanisa wakaahidi. Andikeni ahadi hiyo. Mpelekeni shule ya Jumapili au ya Sabato tangu akiwa mdogo, na akianza kuuliza mwenyewe, msimkatize kwa kumwambia bado. Kwa Wasabato kuna darasa la ubatizo linalomfundisha imani za msingi 28 za kanisa lao, na wengi hubatizwa mwishoni mwa makambi au mahubiri. AIC nao wana mafundisho yao kabla ya maji. Msimpeleke mtoto majini kwa sababu wenzake wote wa darasa wanabatizwa siku hiyo. Mwulizeni akiwa peke yake, jioni, kama anataka na kwa nini, na jibu lake likiwa kwamba anaogopa kuchekwa na kubaki nyuma peke yake, mngojeni.

Wazazi Wakatoliki waliochelewa wajue kwamba mtoto akishafika miaka saba habatizwi tena kwa utaratibu wa wachanga. Ataingia mafundisho yeye mwenyewe na kujibu mwenyewe.

Kwa mtu mzima anayetaka kuwa Mkristo leo, nchi hii ina historia ya uvumilivu inayofaa kukumbukwa. Wamisionari wa Afrika, wale wa kanzu nyeupe, walifika Kageye, mashariki mwa mji wa Mwanza, mwishoni mwa 1878. Wengine wakavuka hadi Buganda, ambako watu wa kwanza walibatizwa Jumamosi Kuu, tarehe 27 Machi 1880. Mwaka 1883 wakaanza misheni ya Bukumbi. Lavigerie, aliyeanzisha shirika lao huko Algiers mwaka 1868 na baadaye akawa askofu mkuu wa Karthago, kwenye kiti cha Sipriano, aliagiza mtu mzima aandaliwe miaka minne kabla ya kubatizwa, isipokuwa akiwa katika hatari ya kufa. Kwa agizo hilo, watu wazima wengi walioomba ubatizo walingojeshwa. Leo parokia nyingi huwafundisha wakatekumeni mwaka mmoja au zaidi, na bado wapo wanaolalamika kuwa ni mrefu.

Mvuvi wa dagaa aseme mapema kwa katekista au mwinjilisti kazi yake ni ipi. Usiku wa giza yuko majini na taa. Wakati wa mbalamwezi yuko nyumbani. Darasa linaloweza kufuata mwezi litampata, na lile linalong'ang'ania kila Jumatano litampoteza. Pasaka huja siku chache baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo mkesha wake huwakuta wavuvi wengi wakiwa pwani. Akihama kisiwa, achukue barua inayoonyesha amefikia wapi, ili asianzishwe upya.

Ubatizo wa ziwani

Hapa nasema na wachungaji na wazee wa kanisa. Ziwa ni zuri kwa ubatizo, na lina hatari zake ambazo maombi hayatuondolei wajibu wa kuzipima. Waulizeni wenyeji wa mwalo kama mamba au kiboko wameonekana karibuni. Chagueni sehemu yenye mchanga, isiyo na majani wala magugu maji, na mtu mmoja aingie kwanza kupima kina na mawe.

Kichocho ni ugonjwa wa kweli katika fukwe za Mwanza. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wadogo wanaokaa penye majani, kisha hupenya ngozi bila mtu kuhisi. Hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana. Batizeni saa moja au saa mbili asubuhi, wakati ambapo pia upepo kwa kawaida bado haujaanza. Hatari itapungua, haitaisha. Njia salama zaidi ni birika: maji ya bomba, au maji ya ziwa yaliyochotwa na kutulia siku mbili bila konokono, kwa kuwa vijidudu hivyo haviishi muda huo. Waliozamishwa ziwani, na mchungaji anayesimama humo kila mara kuliko wao wote, wakapime baada ya miezi miwili hivi. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, ikimezwa siku ileile ya ubatizo haifanyi kazi vizuri kwa minyoo michanga.

Watu wawili wamshike kila anayebatizwa. Mwenye kifafa, mwenye shinikizo la damu na mama mjamzito waseme kabla. Chini ya kanzu nyeupe anayebatizwa avae nguo nyeusi, na awepo mtu wa kumpokea na kanga kavu. Msimcheke anayeogopa maji. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, makaburi ya waliokufa yako Igoma, na mwaka 2018 MV Nyerere ilizama Ukara. Kuna watu wazima wa mji huu ambao kila wimbi linawakumbusha mama au kaka. Mtu kama huyo abatizwe kwenye birika, mapema, bila umati.

Ukiambiwa ubatizo wako wa utotoni haufai

Kijana wa chuo anaenda mkutano wa injili viwanja vya Furahisha, anaguswa moyo, anaambiwa wiki ijayo aende majini. Alibatizwa Sengerema akiwa na miezi miwili. Afanyeje?

Ajue uzito wa jambo lenyewe. Kwa Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana ubatizo ni mara moja tu. Anayebatizwa tena anaonekana kuukana ule wa kwanza, na hawezi kurudi mezani pa Bwana kama vile hakuna kilichotokea. Kwa Wapentekoste na AIC hakuna kurudia, kwani wanaamini kile cha kwanza hakikuwa ubatizo wa mwenye kuamini. Hoja zote mbili ni za watu wanaomaanisha. Ushauri wangu kwa kijana huyo ni asiamue kwa joto la wiki ya mkutano. Amwendee padre au mchungaji wa utotoni mwake amweleze alichoguswa nacho, na amsikilize. Wengi hugundua kwamba walichokosa ni mafundisho waliyoyaruka, na moyo ulioamka unaweza kuyapokea sasa palepale alipo. Akishasikiliza na dhamiri yake bado inamsukuma, awaambie wazazi wake kabla ya kuingia majini, uso kwa uso, asiwaachie wasikie kwa jirani. Na mchungaji anayempokea amwulize kwanza kama amefanya hivyo.

Mtoto akiwa hatarini

Katika wodi ya watoto wachanga hakuna muda wa mjadala. Kwa Wakatoliki, mtoto akiwa karibu kufa mtu yeyote mwenye nia ya kutenda kama Kanisa linavyotenda anaweza kumbatiza: anammiminia maji kichwani akimtaja jina na kusema kwamba anambatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Walutheri na Waanglikana nao wanao ubatizo wa dharura. Karoli Lwanga, mfiadini wa Uganda aliyekuwa mlei, aliwabatiza wenzake huko Munyonyo mwaka 1886, Kizito akiwa miongoni mwao, siku chache kabla ya kuuawa. Mtoto akipona, mpelekeni parokiani ubatizo uandikwe na ibada zilizobaki zikamilishwe; hamwagiwi maji mara ya pili.

Wazazi wa AIC, Wasabato au Wapentekoste hawadaiwi jambo hili. Makanisa yao yanamkabidhi mtoto mchanga kwa rehema ya Kristo, na wamwite mchungaji aje kuomba nao. Muuguzi au bibi mwenye imani nyingine amwulize mama kwanza. Mama aliyelala pale na mtoto wake mgonjwa anastahili heshima hiyo.

Wachumba mnaosoma haya, likamilisheni jambo hili kabla hamjaandika kadi za mchango wa harusi. Na ninyi ambao mtoto tayari anatambaa, kaeni usiku huu mseme ni nani atakayemfundisha. Siku ya ibada inayofuata nendeni wote wawili, mkiwa mmemshika mtoto, mkamwambie padre au mchungaji mlichoamua.